Usimpe mdau hiyo diski ya marehemu

Mkuu, nimesoma uzi wako wa kumbukizi ya rapa wenu wa mtaani vizuri tu mpaka pale ulipoandika kwamba Mama yake kakubali kutoa diski ya kompyuta na CD za marehemu, na kwamba kuna mdau "mwenye koneksheni" atapita Jumamosi kuzichukua ili azipandishe mitandaoni kabla ya kumbukizi ya mwaka mmoja. Mpigie huyo mdau sasa hivi umwambie asije. Mwambie kuna msiba, mwambie mvua, mwambie lolote. Ukishakata simu rudi uendelee kusoma.

Umeuliza pia habari za fulana, ukumbi, nyimbo gani zipigwe siku hiyo na nani asimamie ukurasa wa mashabiki. Hivyo vyote vinasubiri. Diski haisubiri.

Huku kwetu Mbagala nasi tulikuwa na kichwa chetu, rapa mkali. Simtaji, maana ndugu zake wamo humu. Andagraundi haswa, redioni anapigwa usiku wa manane, tena akibahatika. Mistari alikuwa anaiandika kwenye daftari la shule, na kila mahali anapotaka kuvuta pumzi anaweka kimstari kwa kalamu nyekundu. CD zake aliuza mwenyewe mkono kwa mkono, anakutolea kwenye begi pale stendi. Alipofariki tukafungua kundi la WhatsApp, tukachangishana, tukaunda kamati. Prodyuza wake, mtu mstaarabu sana, akatukabidhi diski nzima ya studio. Aisee, humo ndani kulikuwa na kila kitu. Nyimbo zilizotoka, ambazo hazijatoka, sauti peke yake, mdundo peke yake, hata zile sehemu anateleza kwenye vina, anacheka, anamwambia prodyuza "rudisha nyuma kidogo".

Tukaichukua diski hiyo, tukampa mdau. Bila kopi.

Najua mtasema tulikuwa wajinga. Sawa, ila tulikuwa kamati, na ujinga tuligawana kwa vyeo: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo wangu uko kwa maandishi.

Sasa huyo mdau, nisipomsema leo nitapasuka. Msibani alilia kuliko mjane. Kila sentensi yake ina "kataloji", "brandi" na "nimefanya kazi na mastaa". Ukimuuliza mastaa gani anacheka, anakushika bega, anaita kahawa. Akatuambia mashabiki hawajui biashara ya muziki, tumwachie yeye, Mama ataanza kula jasho la mwanawe. Tukapiga makofi. Kuna mzee mmoja wa hapo mtaani aliuliza, "Kijana, wewe na marehemu mlijuana wapi?" Tukamnyamazisha yule mzee! Tukamwona mchawi.

Alichofanya ni hiki. Alifungua akaunti kwenye kampuni ya kusambaza nyimbo mitandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kujiunga kwa barua pepe na kadi ya benki. Penye mmiliki wa rekodi akaandika jina lake. Penye mtunzi, jina lake pia. Kisha akaweka tiki kwenye kile kiboksi cha kulinda nyimbo YouTube. Hapo ndipo wengi hamuelewi, kwa hiyo shikeni. YouTube wana mtambo unaoitwa Content ID. Anayewasilisha rekodi na kudai ni yake, mtambo unaitumia kama kipimo na kusaka kila video yenye sauti inayofanana. Haumjui marehemu, haumjui Mama, unachojua ni nani aliyeandikishwa kama mwenye rekodi. Ikipatikana video, mwandikishaji anachagua aifungie au matangazo yake yamwingizie yeye hela.

Basi video za mashabiki zikaanza kudaiwa moja baada ya nyingine. Dada wa marehemu alikuwa na kipande alichorekodi kwa simu, kaka yake yuko uani anachana huku wimbo wake unalia kwenye spika nyuma. Nacho kikadaiwa! Dada mtu anaambiwa sauti ya kaka yake ni mali ya mtu ambaye hajawahi hata kumbebea kaka yake spika.

Tukadai diski. Mara iko kwa fundi. Mara imeanguka. Mara imekufa. Mara na yeye simu ikafa. Prodyuza alikuwa ameshafuta kompyuta yake kupata nafasi ya kazi mpya, kwa kuwa aliamini tunayo, na simlaumu. Leo ukitaka kumsikia kijana wetu unabaki na MP3 za kwenye blogu, zile ambazo katikati ya vesi ya pili, pale penye mstari mkali kuliko yote, jitu linapiga kelele kutangaza jina la blogu. Zile sauti za kuteleza na kucheka hazipo tena popote.

Mastaa mambo yao ni tofauti kidogo. Rapa Ngwair alipofia Afrika Kusini Mei 2013, na rapa mwenzake Langa akamfuata mwezi uliofuata, nyimbo zao zilikuwa tayari kwenye maktaba za redio na makabati ya watu nchi nzima. Faza Nelly wa X Plastaz aliuawa Arusha 2006, lakini albamu ya kundi lao ilikuwa imeshatolewa na lebo ya Ujerumani mwaka 2004, na sauti yake unaipata mpaka kesho. Andagraundi wako ana nini? Ana diski moja kwenye droo ya Mama, basi.

Kwa hiyo shika hili tu, mengine sahau: diski haitoki kwenye mikono ya familia. Kinachotoka ni kopi. Akija profesa, akija mbunge, akija mtu wa redio na kamera zake, anapewa kopi.

Nenda kwa Mama na kompyuta yako na diski mpya mbili. Nakili kila kitu pale pale sebuleni, usichague, hata faili zenye majina ya ajabu chukua. Moja ibaki kwa Mama na ile ya zamani, nyingine ikae nyumba nyingine kabisa, na kama bando linaruhusu weka kopi ya tatu mtandaoni kwa akaunti ya familia. CD za kuchoma usiziamini, zile zinachuja zenyewe zikiwa kabatini. Halafu mtafute prodyuza akiwa bado ana programu aliyotumia. Mafaili ya Nuendo au FL Studio ukiyafungua kwenye kompyuta isiyo na vile vyombo vya ndani ya programu alivyotumia, nusu ya mdundo haitoki. Mwombe akutolee kila traki peke yake kwa faili la sauti la WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri, ili mtu yeyote baadaye azipange kwenye programu yoyote zikae sawa.

Kupandisha nyimbo kuje baada ya hapo, na si kwa jina lako wala la mdau. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake warithi wana mali hapo. Familia ikae kikao cha ukoo, waandike muhtasari, waende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye wa kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ndiye anayefungua akaunti. Prodyuza naye mkae naye mapema muulizane midundo ni ya nani, kwa sababu kama kuna mdundo aliopakua kwa Mmarekani fulani bila ruhusa, mtadaiwa nyinyi.

Ukumbi sijui, waulize wengine. Fulana nyeusi.

Kitu kingine, ukikuta diski ni ya zamani yenye waya mpana wa pini nyingi, usiilazimishe wala usiifungue. Mafundi kompyuta wa Kariakoo wana adapta zake, ila nenda na mtu wa familia na msiondoke dukani mpaka kopi iishe. Mdau akianza kununa, mwambie Mama kabadili mawazo. Hakuna atakayeenda kubishana na mfiwa.