Kabla hujalipa kodi ya chumba Arusha, itembee kwanza njia yake

Septemba 2022 dalali alinipeleka kuangalia chumba Muriet. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, tumepakiwa mshikaki kwenye bodaboda kutoka kituoni. "Dakika 5 tu, dada," akasema, na kweli zilikuwa 5. Chumba kilinipendeza. Vigae chini, luku ya peke yangu, bomba ndani ya uzio, na bei shilingi 40,000 kwa mwezi. Nikalipa miezi 6, nikampa dalali mwezi wake mmoja, Oktoba nikahamia.

Asubuhi ya kwanza nikatoka kwa miguu. Nilitembea karibu nusu saa kabla sijaona kituo cha vifodi, daladala zetu ndogo za hapa Arusha.

Kuanzia hapo nikaanza kupiga hesabu ambayo ilitakiwa ipigwe kabla ya kodi. Bodaboda mpaka kituoni 1,000, kifodi mpaka mjini 500, jioni vilevile: 3,000 kwa siku. Nafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo ni 78,000. Ukijumlisha na kodi, kile chumba cha 40,000 kilikuwa kinanila 118,000. Sasa nakaa Ngulelo, chumba cha 70,000. Wakati nahamia, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 1,000, sawa na 26,000 kwa mwezi. Jumla 96,000, na nalala saa nzima zaidi. Nauli zimepanda tangu wakati ule, lakini hesabu inaenda upande uleule: kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo, ndivyo unavyolipa kodi ya pili barabarani.

Fedha nilizizoea. Kilichonishinda ni vuli. Mvua ya usiku mmoja tu, njia yote inageuka tope linalovuta kiatu. Nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na yeboyebo miguuni, viatu vya kazini kwenye mfuko, tochi ya simu mkononi. Nikifika kazini nazunguka nyuma ya duka, kuna dumu na kopo, naosha miguu mpaka magotini kabla wateja hawajaanza kuingia. Maji ya Arusha asubuhi mnayajua yalivyo. Siku moja nikamkuta mama mwenzangu wa duka la jirani anafanya hivyohivyo, na mtoto wake wa chekechea amesimama pembeni anasubiri zamu yake. Niliumia sana. Mtoto wa miaka 4 alikuwa ameshatembea njia ile gizani kabla siku haijaanza.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta chumba, usikubali kupelekwa kwa pikipiki. Mwambie dalali mtembee. Kisha rudi mwenyewe bila yeye, saa ileile utakayokuwa unakwenda kazini, na urudi tena jioni baada ya giza kuingia. Kama unaweza kusubiri siku iliyonyesha, subiri. Kiangazi kila njia ya Arusha inapitika.

Ukifika kituoni usiridhike kwa kuona magari yanapita. Simama hapo dakika 20 uangalie kama yanabeba. Vituo vya katikati ya ruti asubuhi vina shida yake: kifodi kinakuja kimeshajaa, konda ananing'inia mlangoni, kinapita bila hata kupunguza mwendo. Utaona watu wanavuka barabara, wanapanda gari linalokwenda kinyume mpaka linapogeuzia, ili warudi nalo wakiwa wamekaa. Hiyo ni nauli mara mbili. Ukiona watu wazima wanageuza na gari kila asubuhi, jua nawe utageuza.

Na jioni uliza wenyeji, hasa akina mama wauza mboga pale kituoni maana wao ndio wa mwisho kuondoka: magari yanafika mpaka mwisho wa ruti, au yanakatisha? Mvua ikinyesha dereva anaona tope, anakuambia hapa ndio mwisho, shukeni, na nauli ya ruti nzima ameshaichukua. Mimi nimeshushwa hivyo mara nyingi tu saa mbili usiku. Siku hizi nauliza kabla sijakaa: "Konda, unafika?" Asiponijibu kwa sauti, sipandi.

Mji wetu umelala kwenye miguu ya Mlima Meru, kwa hiyo kaskazini ni juu na kusini ni chini. Hili lina maana kubwa kwa anayetembea au anayefikiria baiskeli. Ukikaa Ilboru au Sanawari ya juu, asubuhi unateremka, jioni unapanda umechoka na kapu la sokoni. Wauza maziwa wanaotoka huko juu na baiskeli wamelielewa hili zamani: wanashuka na madumu yaliyojaa, wanapanda na matupu, tena wakiisukuma. Baiskeli naipenda na ningependa tuitumie zaidi, lakini jaribu kwanza kurudi nayo, usijaribu kwenda tu.

Huku Ngulelo kuna jambo lingine. Barabara ya njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru, kilomita 14 hivi, imetusaidia sana, siwezi kuisema vibaya. Lakini kuivuka kwa miguu kunahitaji akili. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na ukisimama pale katikati na mfuko wa unga utaona ni wangapi wanaoifuata. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo gari la kwenda mjini linasimama upande wa chini, na la kutoka mjini linakushushia upande wa juu, wa mlimani. Ukipanga upande wa juu, utavuka asubuhi kumeshapambazuka na dereva anakuona. Ukipanga upande wa chini, utavuka usiku. Nilipohama nilitafuta upande wa juu tu, na mwenye nyumba alipouliza sababu nilimweleza hivihivi.

Kwenye mikutano ya mtaa tunaomba lami, kila mara lami. Nami naiomba, ila nasimama na kuomba pia njia ya miguu na mifuniko ya mitaro. Lami ikija peke yake magari yanaongeza mwendo, na mwenda kwa miguu anabaki na ukingo wa mtaro ulio wazi. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA na barabara kuu ziko chini ya TANROADS, kwa hiyo mjue mnaandika barua kwa nani. Wengi wetu hatuna gari. Hata anayepanda kifodi kila siku anaanza na kumaliza kwa miguu yake.

Mdogo wangu amepata kazi mjini na ameonyeshwa chumba Olasiti, 45,000. Dalali amemwambia ni dakika 7. Jumamosi hii tunakwenda wawili, tunaanzia mlangoni kwa hicho chumba saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tangu juzi mvua inanyesha, na nimeshamwambia aje na yeboyebo.