Tansiyo 14 kwa 9, mkono ukining'inia
Dada, unauliza kama mama yako ana ugonjwa wa tansiyo (shinikizo la damu) kwa kuwa kapimwa 14 kwa 9, yaani milimita 140 kwa 90. Hapana, 14 kwa 9 ya mara moja tu, tena mama ametoka kupanda mtaa wa Kadutu kwa miguu na mkono wake unaning'inia wakati wa kupimwa, haitoshi kusema ana ugonjwa wa tansiyo. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe hupandisha kipimo. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walilipima jambo hili kwa watu wazima 133 na kutoa matokeo mwaka 2024: mkono ukilazwa mapajani, namba ya juu ilizidi kwa karibu milimita 4, ukining'inia, karibu 6.5. Yaani ile 14 ya mama huenda ni 13 na kitu. Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, na naona watu wakianzishiwa vidonge kwa kipimo cha namna hii. Inaniuma sana.

Apimwe tena akiwa ameketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishanishwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mara mbili, na siku nyingine tena. Kile kitambaa cha mashine nacho kimtoshe. Kikiwa kidogo kwa mkono wake, namba inapanda bure.

Ila ikifika 18 kwa 12, au kifua kikimbana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, mpeleke hospitali leo leo. Na kama tayari anameza dawa, asiziache kwa sababu ya maneno yangu.