Mswada acha nyumbani, chaja beba

Mwezi huu safu imeliwa na makongamano. Barua nyingi nilizopata zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti, watu wanaenda kongamano la waandishi kwa mara ya kwanza na roho zao ziko juujuu. Basi leo tunazijibu hizo tu, nyingine nitazijibu kwa kirefu na nyingine kwa mstari mmoja, msininunie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika riwaya yangu kwa miaka minne na sasa nimepata nafasi ya kuhudhuria kongamano la waandishi la siku tatu. Sijawahi kwenda, simjui mtu hata mmoja, na mi ni mkimya sana, mtu akinisalimia ghafla nasahau hadi jina langu. Sina kitabu kilichotoka. Wakiniuliza "umeandika nini" niseme nini? Nimeshachapa mswada wote, kurasa 412, ili nikikutana na mchapishaji nimkabidhi palepale. Kuna kingine cha kubeba? – Mwoga wa Beji

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huo mswada uache nyumbani. Najua inauma na wino umeshaisha, ila nakwambia hivyo kwa sababu kongamano langu la kwanza mi mwenyewe nilibeba wangu, siku mbili nzima begi linanikata bega kama nimebeba matofali, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza mle ndani mna nini. Mchapishaji aliyesafiri hawezi kurudi kwake na miswada ya watu 30 mkobani. Akiipenda hadithi yako atakwambia umtumie sura za mwanzo kwa barua pepe na atakupa anwani, ndo inavyokwenda. Kama mikono inawasha kabisa beba kurasa tano au kumi za mwanzo, herufi saizi 12, mistari iachane mara mbili, jina lako na namba ya ukurasa vikae juu, zitakufaa kwenye warsha au mtu akiomba kuonja.

Sasa hilo swali la "umeandika nini". Wewe unalisikia kama askari anayedai kitambulisho, wakati mwenzako anauliza tu kama anavyouliza habari za safari, tena wengi humo ukumbini hawana kitabu na wao wanaogopa kuulizwa hivyohivyo. Kosa la wageni ni kuanza kujishusha, eti "aa mi bado, najaribujaribu tu", sasa mtu akishasikia hivyo akuulize nini tena? Andaa sentensi moja kabla hujatoka nyumbani, iwe na mtu, anachokitaka na kinachomzuia. Mfano, "ni riwaya ya mke wa nahodha ambaye mumewe alizama miaka sita iliyopita lakini barua zake bado zinakuja". Imetosha, usieleze barua zinatoka wapi, acha aulize mwenyewe. Isemee kwenye kioo mpaka isikike kama maneno ya kawaida, maana sentensi iliyokaririwa vibaya inasikika kama tangazo la redio. Afu mgeuzie, "na wewe je?" Hapo kazi yako imeisha, mwandishi akiulizwa anaandika nini kumnyamazisha ndo shughuli.

Kuhusu ukimya nikuhadithie kidogo. Siku ile ya kwanza na begi langu la matofali nilikaa mstari wa mwisho kabisa ukutani, karibu na soketi, simu yangu inachaji. Jamaa mmoja akaja kuniomba chaja maana simu yake imezima. Nikampa. Sasa ukishampa mtu chaja yako huwezi kuondoka, na yeye hawezi kuondoka, tukakaa pale saa nzima tukinong'ona huku mgeni mashuhuri akizungumza mbele, wala sikumbuki alisema nini. Yule wa chaja naye alikuwa hajachapisha kitu. Tukabadilishana sura moja moja, na wiki mbili baadaye akaniandikia kwamba riwaya yangu inaanza sura ya tatu, hizo mbili za mwanzo ni mimi napasha injini. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikazikata. Tumesomeana miswada miaka na miaka baada ya hapo, na hao wakubwa niliowaendea mbio kwa ajili ya picha hakuna hata mmoja anayelijua jina langu.

Kwa hiyo kingine cha kubeba ni chaja, ikiwezekana na ile waya ya kugawa soketi. Na huyo aliye kiti cha pembeni yako mwangalie vizuri kuliko unavyomwangalia wa jukwaani, maana wa jukwaani kapangiwa foleni na watu 200, wa pembeni hana foleni.

Ratiba usiimalize yote, utatoka na kichwa kama ngoma. Chagua vikao vitatu vinne kwa siku, vingine lala au kaa nje. Afu chagua kwa mada, usifuate jina kubwa. Mtu maarufu mara nyingi atakusimulia jinsi alivyofanikiwa, ni tamu ila hutaondoka nayo, wakati mhariri usiyemjua kwenye chumba kidogo chenye watu 11 anaweza kuchukua aya moja mbovu akaikarabati mbele yenu ukaona kabisa bisibisi inavyozunguka.

Na tafadhali usimnadie mtu mswada chooni. Wahariri wana ile hadithi ya mtu aliyepitisha mswada chini ya mlango wa choo, inasimuliwa kila mahali mpaka sijui ilitokea wapi, ila kila anayesimulia hacheki.

SWALI: Mwalimu, nimejiandikisha warsha ya hadithi fupi, wanasema watu 12 watajadili hadithi yangu na mimi natakiwa ninyamaze tu! Hii ni haki kweli? – Mdomo Mzito

JIBU: Ni desturi ya siku nyingi, ilipata umaarufu kwenye warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, ile iliyoanza 1936. Wazo lake ni kwamba hadithi ikishatoka hutasimama nyuma ya kila msomaji kumweleza "hapa nilimaanisha hivi", basi zoea mapema. Siku hizi wapo wanaoongoza warsha wanaoikataa, wanamruhusu mwandishi kuuliza maswali yake mwanzoni, na mi naona hiyo ni bora zaidi kwa mgeni, kwa hiyo muulize kiongozi kabla.

Ukinyamazishwa, andika. Kila kitu, hata cha kijinga, mkono ukiwa na kazi mdomo unatulia. Mtu akisema "hapa nilipotea" huo ni ushahidi, huwezi kubishana na mtu kuhusu alikopotea. Akisema "mi ningemuua baba mapema" hiyo ni riwaya yake yeye, mwache akaiandike. Watu watatu wakipotea aya ileile, rudi kwenye hiyo aya. Na hadithi za wenzako zisome kabla hujafika, mara mbili, na penseli. Nimeona watu wanakuja warsha wamejiandaa kusomwa tu wao hawajasoma cha mtu, inajulikana ndani ya dakika tano, na hakuna atakayekuambia ila hutaombwa barua pepe yako.

SWALI: Kongamano letu lina nafasi za kukaa dakika 10 na wakala wa fasihi. Sielewi, huyu wakala ni dalali? Nitamlipa? Dakika 10 nafanya nini? – Nipo Njia Panda

JIBU: Dalali siyo neno baya hapo. Wakala anachukua mswada wako anauuza kwa wachapishaji, anasimamia mkataba, na mshahara wake unatoka kwenye unachopata wewe, kawaida asilimia 15, na haki zikiuzwa nchi nyingine mara nyingi ni 20. Wewe usipopata kitu na yeye hapati. Kongamano linaweza kutoza ada ya hicho kikao, hiyo ni ya waandaaji, lakini wakala mwenyewe akikwambia lipa kwanza ndo nisome, inuka. Hivyohivyo na wale wenye meza pale mlangoni wanaosifia kila kitabu kabla hawajakisoma kisha wanakutolea vifurushi vya bei ya kutoa kitabu chako, hao wanauza huduma ya uchapaji. Si dhambi, wapo wanaojichapishia vizuri kabisa, ilimradi ujue kwamba hapo mteja ni wewe. Mchapishaji wa kawaida anakulipa wewe.

Dakika 10 ongea mbili. Ile sentensi moja niliyomwambia mwenzako hapo juu, ni riwaya ya aina gani, ina maneno mangapi, imekwisha au bado, basi nyamaza aulize. Kwa riwaya wanataka iwe imekamilika, usiende na nusu. Kama ni kitabu cha maarifa, kisicho cha kubuni, pendekezo lenye muhtasari wa sura na sura moja mbili za mfano mara nyingi linatosha. Usisome kwenye karatasi ukiwa umeinama, mtu anaona utosi wako tu. Akikataa muulize ni wapi alipoacha kuvutiwa, dakika zako bado unazo, tena nadhani hapo ndo utapata kitu cha maana kuliko angekubali kwa adabu. Akisema "nitumie", tuma alichoomba, kama ni kurasa 50 usitume 60.

SWALI: Jioni ya kwanza kuna kusoma kazi zetu, kila mtu dakika tano. Je nikisoma hadithi yangu mtu hataiiba? – Makini

JIBU: Hakimiliki inazaliwa pale unapoiandika hadithi, huhitaji muhuri wa mtu, huo ndo msimamo wa Mkataba wa Berne wa 1886 na nchi nyingi sana zimo humo. Kisicholindwa ni wazo tupu. Mtu akiandika yake kuhusu mke wa nahodha huna kesi, akinyanyua maneno yako unayo. Ila kusema kweli kwenye makongamano wizi sijauona, nilichokiona ni watu waliozidisha muda. Jipime na saa ya simu, kwa sauti, umesimama, ukifika dakika nne kata hapo, maana jukwaani kuna kukohoa, kuna maiki kukoroma. Na usianze na dakika mbili za kueleza hadithi inahusu nini.

SWALI: Nivae nini? – Bila Jina

JIBU: Viatu ulivyokwisha kuvizoea, na kitu cha mikono mirefu, kumbi zina baridi ya kiyoyozi.

SWALI: Mwalimu mi naandika Kiswahili tu. Ratiba ya kongamano yote ni Kiingereza, wageni wametoka nchi nyingi. Nisiende? – Wa Pembeni

JIBU: Hili limenigusa. Juni 1962 pale Makerere, Kampala, palifanyika kongamano la waandishi wa Afrika, na jina lake lenyewe lilisema ni la wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwepo akiwa bado mwanafunzi, akampelekea Chinua Achebe mswada wake ausome, na 1964 ukatoka kama kitabu. Ndo ndoto ya kila anayeenda kongamano mara ya kwanza. Lakini Shaaban Robert, ambaye alikuwa ameshajaza kabati kwa Kiswahili, kwa kipimo kile hakustahili kuwa pale, na mwezi huohuo akafariki. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuliandika jambo hilo miaka ya baadaye, na sote tunajua aligeukia Kikuyu.

Kwa hiyo nenda, ila usiende kama mwombaji. Ile sentensi yako moja iandae kwa lugha mbili. Usiku wa kusoma soma Kiswahili, tafuta mtu akusomee tafsiri ya aya moja kabla, au uigawe karatasini, kisha wape yenyewe na mdundo wake, watu wanasikiliza vizuri sana kitu wasichokielewa kikisomwa na mtu anayekiamini. Na waulize watafsiri wako wapi. Makongamano makubwa huwa nao, mara nyingi wamekaa peke yao, na hao kwako wewe wana faida kuliko wakala yeyote.

SWALI: Nimerudi kongamano wiki tatu sasa. Nina kadi za watu 19 kwenye droo na sijamwandikia hata mmoja, naona aibu muda umepita. – Droo

JIBU: Wiki tatu siyo kitu, na wao wana droo zao. Usiwaandikie wote 19, chagua watatu unaowakumbuka sura bila kuangalia kadi. Mistari minne tu, mlikutana wapi, kitu kimoja alichosema ambacho bado unakifikiria, na kama ni mwandishi mwenzako muulize kama angependa mbadilishane sura moja. Usiambatishe mswada kwenye barua ya kwanza. Kama kuna mchapishaji aliyekuambia "nitumie" anza na huyo, leo, na kwenye kichwa cha barua taja kongamano na kwamba aliomba mwenyewe, usije ukaingia kwenye rundo la wasioombwa. Zilizobaki 16 ziache tu kwenye droo.