Shule ya biashara inafanya nini chuo kikuu?

Ndugu, umeuliza kwa nini chuo kikuu kifundishe biashara wakati matajiri kibao wa Kariakoo hawajui hata lango la chuo liko wapi. Sawa, ila hizi shule hazikuanzishwa kumfundisha mtu kuuza. Wharton ya Pennsylvania, ya kwanza Marekani kukaa ndani ya chuo kikuu, ilianza 1881 kwa pesa za mwenye viwanda, Joseph Wharton. Alichoka kuona vijana wakijifunza kazi kwa kumchungulia karani begani. Alitaka wasome uhasibu, kodi na sheria za biashara kama somo kamili. Harvard wakaja na MBA yao, shahada ya uzamili ya biashara, 1908.

Faida yenyewe ni majirani. Chuo cha uhasibu kitakufundisha kufunga hesabu, na hiyo ni kazi ya heshima kabisa. Chuo kikuu kina mwanasheria ghorofa ya juu na mtu wa takwimu mlango wa pili, wa kukuuliza hizo hesabu zinamficha nani. (Kama mnaongea, maana wengine hata chai hawanywi pamoja.)

Nilikosoma mimi, jina sitaji, tulichambua kampuni za magari za Marekani muhula mzima. Daftari la madeni la duka la Mangi hatukuligusa: nani kakopa unga, atalipa mwisho wa mwezi upi, na kwa nini Mangi bado anampimia kilo nyingine.