Ile viza ya "kisiwa kinazama" si yetu yakhe

Mdogo wangu umeniuliza mara tatu sasa, eti Australia wanatoa viza kwa watu ambao kisiwa chao kinaliwa na bahari, na huko Pemba maji ya chumvi yashaingia mabonde ya mpunga, basi na sisi tuombe. Yakhe, ile ni ya Tuvalu tu. Visiwa 9 kule Pasifiki, watu elfu 10 na ushee, hawafiki hata wilaya ya Chake. Wanachukuliwa 280 kwa mwaka kwa bahati nasibu, na ilipofunguliwa mara ya kwanza 2025 waliotia majina ukihesabu na familia zao walikuwa 8,750, yaani karibu nchi nzima.

Huku Australia nahudumia wazee shifti ya usiku na dada mmoja wa Tuvalu, yeye alipitia New Zealand zamani. Saa tisa usiku tukikaa chai ananionesha simu, uwanja wa ndege wa Funafuti, mji mkuu wao, jioni watoto wanacheza mpira pale pale kwenye lami, king'ora kikilia wanakimbia ndege itue. Babake ana shimo la pulaka, ni kama majimbi yetu, wanachimba mpaka wakute maji matamu ndo wanapanda, sasa yale maji yameingia chumvi na majani yote manjano. Mzee kagoma kuondoka.

Na viza ile si sadaka. Wameandikiana mkataba unaitwa Falepili, kwa lugha yao ni kitu kama ujirani mwema, ukaanza kazi Agosti 2024. Australia imekubali Tuvalu itabaki kuwa dola hata bahari ikipanda vipi, ila Tuvalu nayo haiingii makubaliano ya ulinzi na nchi nyingine, iwe polisi, mipaka au mitandao, mpaka Australia iridhie. Na jina lake rasmi ni Muungano wa Falepili!! Mzanzibari akisikia muungano na ulinzi pamoja hahitaji mkalimani 😂 Nilimhadithia yule dada habari za 1964 akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akanyamaza, akasema kwao walibishana sana lakini nchi yenyewe haipiti mita 5 kwenda juu, sasa utabishana mpaka lini.

Wivu nilikuwa nao sikufichi, maana wao wanashuka na ukaazi wa kudumu mkononi, mimi karatasi zangu zimenila miaka saba na kodi ya chumba hapa wanadai kila wiki. Lakini wewe bonde likiharibika una Unguja, una Dar. Wao waende wapi? Na usijaribu kuja kuomba ukimbizi kwa hoja hiyo, jamaa wa Kiribati, nchi nyingine ya visiwa huko Pasifiki, Ioane Teitiota alijaribu New Zealand mahakama zote zikamkatalia, 2015 wakamrudisha kwao.

Huyo wakala aliyekwambia utoe laki nane akakuandikishe, mfuate leo leo akurudishie. Fomu yenyewe ni dola 25 za Australia na inataka pasi ya Tuvalu. Ukishazipata pesa zako nipigie Jumapili, siko shifti.