Kabla hujagawa diski ya laptopu yako: C ipewe ngapi?

Laptopu nyingi ninazoletewa nipige Windows upya zina C peke yake, na humo ndimo kila kitu kimo: mfumo, picha za harusi, ripoti za chuo, muziki. Kazi ya saa moja inageuka ya nusu siku, maana lazima kwanza nihamishie mafaili nje. Diski ikiwa imegawanywa, nafuta C, D inabaki ilivyo. Hiyo ndiyo faida ya patisheni, yaani hizo sehemu za diski. Anayekwambia kompyuta itakuwa na kasi zaidi anakupamba tu, hasa kama diski yako ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka ndani.

Gawa sehemu mbili, basi. Nimeona laptopu yenye C, D, E, F na G, na mwenyewe hajui kaweka nini wapi.

C ipewe ngapi sasa? Microsoft wanataka diski ya angalau GB 64 kwa Windows 11, lakini ukiipimia hapo, masasisho na programu zitaijaza upesi. Diski ya GB 500, ambayo Windows itakuonyesha kuwa ni 465 (hujapunjwa, ni hesabu zao), mimi huiachia C 200. SSD ya GB 128 usiiguse kabisa, tafuta diski ya nje.

Usiibanie C, kwa sababu kuiongeza baadaye ni kazi. Disk Management, utakayoiona ukibofya Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, huongeza C kwa nafasi tupu iliyoigusa upande wa kulia tu. Ukipunguza D, nafasi inayopatikana inakaa nyuma ya D, mbali na C, na Extend Volume inabaki ya kijivu, haibofyeki. Hapo uhamishe vyote vya D kisha uifute, au utumie programu nyingine ya kusogeza patisheni. Kwa umeme wetu huu na betri iliyochoka, hilo la pili silipendi.

Kugawa kwenyewe ni kwepesi. Nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, chomeka chaja, kisha bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua Shrink Volume na uandike kiasi kwa megabaiti. GB 100 ni 102400. Nafasi itakayotokea ifanyie New Simple Volume. Kinachokwamisha wengi ni pale C ina nafasi tupu tele lakini inakubali kupungua kidogo tu. Kuna mafaili yasiyosogezeka yamekaa huko mwishoni mwa C. Fungua Command Prompt kama Administrator, andika powercfg /h off (inazima hibernate na kufuta faili lake), zima kwa muda pagefile, faili ambalo Windows hulitumia kusaidia RAM, washa kompyuta upya, ujaribu tena. Ukimaliza, pagefile irudishe.

Documents na Downloads bado zitakuwa C. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Location, uipeleke D. Na ile nakala ya nje usiifute: C na D ni diski moja, ikifa zinakufa zote.

Siku ukimpelekea fundi, mwambie kabisa D isiguswe. Kwenye ukurasa wa kuchagua patisheni wapo wanaofuta zote kwa mazoea.