Gran Turismo siyo ya kwanza kuiga uendeshaji halisi

Kuna dai kwamba Gran Turismo, mchezo wa video wa mbio za magari, ndiyo ya kwanza kuiga uendeshaji halisi. Hapana ndugu, haikuanzisha uigaji huo. Ilitoka Desemba 1997 huko Japani, baada ya Kazunori Yamauchi na timu yake kuihangaikia kwa takriban miaka mitano. Sifa yake kubwa ni kuwaleta watu wa kawaida kwenye mchezo mgumu, kwa kuwapa magari ya barabarani wanayoyajua.

Rudi nyuma hadi 1984. Mwingereza Geoff Crammond alitengeneza mchezo wa mbio wa Revs kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu! Ndani ya hiyo nafasi finyu aliingiza gari la Formula 3 na uwanja wa Silverstone, tena na miinuko yake. Ukikanyaga mafuta kwa pupa ukiwa kwenye kona, gari linazunguka. Kumbuka miaka hiyo wengi walikuwa bado wanashangilia Pole Position ya Namco (1982), ambayo nayo ilikuwa tamu, sibishi.

Halafu 1989 wakaja Papyrus, watengenezaji michezo wa Marekani, na mchezo wao wa Indianapolis 500. Humo unarekebisha mabawa, matairi na gia kabla hujaingia barabarani. David Kaemmer aliyeiandika ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa mwanzilishi mwenza wa iRacing, mchezo wa mbio za mtandaoni uliofunguliwa 2008. Kwangu mimi, ukoo wa michezo ya uigaji unapita kwa Crammond na Kaemmer. Yamauchi aliukuta tayari umeshaota mizizi.